OnlyFans: nyota mbili kutoka kwa dada aliyekuwa anaandika zile meseji

Niseme mapema hii sio rivyu ya mtu aliyelipia kuangalia. Mimi OnlyFans, ule mtandao ambapo mtu anauza picha na video zake kwa mashabiki wanaolipa, nimeijulia mlango wa nyuma, nilikuwa nachati kwa niaba ya modo, yaani mwanamke anayeuza humo, niko Nairobi na laptop na bando ya usiku, wanaume wa Marekani wanalipa dola wakiamini wanaongea na yule mrembo wa kwenye picha, kumbe ni mimi nimejifunga leso nakunywa chai ya rangi. Kwa hivo kama umekuja kutafuta akaunti gani ni kali utanisamehe, pita tu. Ila kama wewe ni dada unafikiria kufungua akaunti kwa sababu umesikia kuna watu wamejenga, au ni kaka unalipia kila mwezi na una uhakika yule msichana anakumbuka birthday yako, keti hapa kidogo.

Kwa asiyejua. OnlyFans ilianzishwa Uingereza 2016 na jamaa anaitwa Tim Stokely, 2018 sehemu kubwa ikanunuliwa na Leonid Radvinsky ambaye tayari alikuwa na biashara ya warembo wa kamera mtandaoni. Mfumo wenyewe ni rahisi, ata mama yangu angeuelewa (simwambii). Unafungua ukurasa, unaweka bei ya mwezi, kuanzia dola 4.99 mpaka 49.99, mashabiki wanalipia, alafu pembeni kuna tipu (bakshishi) na kuna picha na video zinazotumwa inboksi zikiwa zimefungwa mpaka mtu alipie ndo zifunguke. Kampuni inakata asilimia 20, modo anabaki na 80. Kuna wapishi na walimu wa mazoezi pia humo, kampuni inapenda sana kuwataja, lakini tusidanganyane, kilichoijenga ni uchi.

Nianze na sifa maana zipo. Hiyo 80 sio mchezo. Chukua Mia Khalifa, jina ambalo nadhani kila kijana wa Afrika Mashariki mwenye simu analijua ata akijifanya hajui. Yule dada alifanya filamu za ngono miezi kama mitatu tu mwaka 2014, na mwenyewe alisema 2019 kwamba jumla aliyolipwa ni kama dola 12,000, basi, hakuna kingine kinachoingia, wakati video zake zinaendelea kutazamwa dunia nzima na yeye hawezi kuzitoa kwa sababu sio mali yake. Mwaka 2020 akafungua ukurasa OnlyFans, na huko anachapisha anachotaka, anakataa asichotaka, hela inaingia kwake. Ukiweka hizo picha mbili pamoja utaelewa kwa nini wanawake wengi waliofanya hiyo kazi walisema jamani hatimaye tumepata mahali prodyuza hayupo. Ni sifa ya kweli na mtu akiniambia hii kitu ni uovu mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho namwambia bado hujaona ilivyokuwa kabla.

Ilivyokuwa kabla, nikupe mfano mmoja tu. San Diego kulikuwa na kampuni inaitwa GirlsDoPorn, walikuwa wanawaita wasichana kwa matangazo ya umodo, wanawaambia video itauzwa kwa DVD tu nchi za mbali kama Australia na New Zealand, haitawekwa mtandaoni, hakuna mtu wa kwenu ataiona. Ikawekwa mtandaoni, na watu wao wakaiona. Wanawake 22 walishtaki, na Januari 2020 jaji akaamua walipwe karibu dola milioni 13, mwenye kampuni akawa ameshatoroka, akakamatwa Madrid mwisho wa 2022 na Septemba 2025 akahukumiwa miaka 27. Sasa ukiuliza hao wasichana walikubali ama hawakukubali, karatasi inasema walisaini. Hapo ndo utaona kwamba neno walikubali halitoshi kumaliza mjadala, inabidi uulize walikubali nini, waliambiwa nini, na nani alikuwa ameshika karatasi.

Turudi kwa OnlyFans na tuongee hesabu maana hii ni rivyu ya huduma. Kwa mwaka wa fedha ulioisha Novemba 2024 mashabiki walilipa kama dola bilioni 7.2. Akaunti za wanaouza zilikuwa milioni 4.6, za mashabiki milioni 377. Kampuni ilikuwa na wafanyakazi wasiofika 50. Mwenye kampuni alijilipa gawio la dola milioni 701. Soma tena hiyo. Sasa chukua ile bilioni 7.2, toa asilimia 20, gawanya kwa akaunti milioni 4.6, unapata kama dola 1,250 kwa mwaka, mia moja na kitu kwa mwezi, sijui elfu kumi na tatu za Kenya. Na hiyo ni wastani! Wastani unaoinuliwa na wachache wanaopiga mamilioni, maana yake walio wengi wako chini ya hapo kabisa. Msichana wa kawaida anavua nguo mbele ya dunia kwa hela ambayo ukifua nguo za watu mtaa wa Pipeline hapa Nairobi kila siku unaweza kuikaribia. Simcheki, nasema tu, kwa sababu hii namba haiwekwi kwenye zile video za nimenunua gari nikiwa na miaka 22.

Hao mashabiki nao wanapatikana vipi? Hapo ndo watu hawaambiwi. Ndani ya OnlyFans hakuna soko la mtu kutembea akakukuta, ni lazima ulete wateja wako mwenyewe kutoka Instagram, TikTok, Reddit, X, ukapambane na mamilioni ya wengine. Na kuwajibu wote inboksi ni kazi ya masaa yote, kwa sababu hela yenyewe haiko kwenye ile dola tano ya mwezi, iko inboksi. Mwanamke mmoja hawezi. Kwa hivo wakaja mawakala, wanaomwendeshea modo akaunti kwa kukata sehemu ya hela yake, na mimi nikaingia.

Wakala niliyemfanyia kazi simtaji, ata jina lenyewe nadhani walikuwa wanabadilisha. Kazi ilitangazwa Telegram kama kazi ya huduma kwa wateja, Kiingereza kizuri, kuandika haraka, uwe na intaneti ya kutegemewa. Interviu yote ilikuwa maandishi. Baadaye ndo unaelezwa wateja ni akina nani. Malipo yalikuwa dola chache kwa saa na komisheni kidogo kwa ulichouza, na nisijifanye mtakatifu, kwa mtu aliyemaliza chuo na anatuma CV bila majibu zile hela zilikuwa na maana, zililipa rent. Shifti nzuri ilikuwa alfajiri maana saa mbili usiku New York huku ni saa tisa ama saa kumi usiku, jamaa ametoka kazini amekula ameshika simu.

Unachopewa ni hivi. Kuna programu inayokuonyesha inboksi za modo kadhaa kwa pamoja. Kuna stoo ya picha na video, zimepangwa kwa mpangilio, ya kwanza ya bei rahisi, ya pili inapanda, mpaka ile ya mwisho. Kuna skripti, maneno yameandikwa tayari. Na kuna maelezo ya kila mteja, jina, mji, kazi, ameachana na mke lini, mbwa wake anaitwaje, ametumia kiasi gani mpaka sasa. Wale wanaotumia sana wanaitwa nyangumi na nyangumi haachwi bila jibu ata dakika mbili. Mtu anaandika nimekumisi, wewe unaangalia kwenye maelezo, unamuuliza mguu wa mbwa umepona? Anayeyuka. Unamtumia video namba nne ukimwambia nimeichukua sasa hivi nikikufikiria wewe. Video ni ya mwaka jana.

Wanaume wenyewe walikuwa wa aina nyingi na siwezi kuwaweka kapu moja. Kulikuwa na wapweke kabisa, mmoja dereva wa malori, mkewe alikuwa amefariki, yeye alikuwa ata picha hataki sana, alitaka mtu wa kumuuliza umekula. Huyo nilimuonea huruma na bado nilimuuzia, ndo kazi ilivyokuwa. Mwaka 2024 kuna wateja Marekani walienda mahakamani kushtaki kwamba wamedanganywa, wanalipia urafiki na mtu mmoja wanapewa watu wa kuajiriwa, na kwa nilichokiona kilio chao ni cha kweli. Lakini ngoja, tusiwafanye hao ndo wahanga wakubwa wa hii habari. Mwanaume aliyedanganywa amepoteza dola. Yule mwanamke uso wake uko pale.

Na kulikuwa na wale wengine. Jamaa anaanza na mpenzi, malkia, alafu akishalipa tu lugha inageuka. Mimi nimekulia Mombasa, matusi nayajua, lakini kuna vitu nilisoma saa kumi za usiku vikanifanya nifunge laptop niende nikasimame kwa balkoni. Halafu nikagundua kitu kilichonisumbua zaidi ya matusi yenyewe: yalikuwa na bei. Kulikuwa na wateja wanaolipa vizuri zaidi wakiruhusiwa kumtukana modo na modo (yaani mimi) akajibu kwa kunyenyekea. Skripti yake ilikuwepo, ilikuwa imeandikwa na mtu, ina ngazi. Hapo ndo mimi swali la je, hii kazi inamdhalilisha mwanamke liliacha kuwa la midahalo. Sio uchi. Uchi watu walikuwa wanaangalia sekunde ishirini wanasonga. Waliorudi wakalipa tena na tena walikuwa wanalipia kutii, mtu asiyewajibu kinyume, na kwa wale waliotaka dharau, dharau ilikuwa ndo bidhaa, imewekwa sokoni kabisa na bei yake.

Kuna dada mmoja tulikuwa tunachati shifti moja, yeye msimamo wake ulikuwa mwingine kabisa na alikuwa anaongea kwa akili. Aliniambia wewe unaona dharau kwa sababu kuna ngono, lakini nenda Dubai ama Riyadh uwaulize dada zetu walioenda kazi za ndani, paspoti imefungiwa kabatini, wanatukanwa kwa jina la mnyama na mshahara haujalipwa, mbona huko huiti ni kudhalilisha wanawake unaita ni changamoto za ajira? Nilikosa jibu. Bado nadhani alikuwa sahihi nusu. Kazi nyingi anazopewa mwanamke maskini zina dharau ndani yake, na hii angalau inaweza kufungwa kwa kubofya. Nusu aliyokosea ni kwamba dada wa Riyadh akirudi nyumbani amerudi, hakuna mtu mtaani kwao atakayemtazama video akiwa anatukanwa miaka kumi baadaye.

Sasa kitu ambacho ndo kilinifanya niandike. Kila modo alikuwa na orodha yake ya vitu asivyofanya. Hii orodha ilikuwa juu kabisa kwenye maelekezo, hafanyi hivi, hafanyi hivi, haonyeshi hiki, hakutani na mtu. Ukiisoma unasema sawa, mwanamke ana mipaka yake, ameiweka mwenyewe, iheshimiwe, si ndo uhuru wenyewe tunaoambiwa. Lakini mteja akiomba kitu kilicho kwenye orodha sisi hatukuruhusiwa kusema hapana. Hapana inafukuza mteja. Tulifundishwa kusema labda, sijawahi kumfanyia mtu, ungekuwa tayari kutoa kiasi gani? Alafu kile kiasi tunakipeleka kwa supavaiza.

Kuna modo mmoja, simuelezi zaidi ya hapo, kulikuwa na kitu kimoja kwenye orodha yake na nyangumi wake mmoja alikuwa anakitaka. Tulimzungusha mteja labda labda mpaka bei ikafika pahali pa juu sana. Supavaiza akasema sawa nitaongea naye. Sijui waliongea nini. Kitu nilichokiona ni kwamba baada ya muda ile video ikatokea kwenye stoo, na kwenye orodha ule mstari ukafutwa. Niliifungua kuangalia kama sauti iko sawa kabla ya kuituma, ndo ilikuwa sehemu ya kazi, na uso wa yule dada mimi sikuuona kama uso wa mtu aliyeamka siku hiyo akaamua kupanua biashara yake. Labda nakosea. Labda alipewa hela akasema poa, ni mtu mzima, bei ilikuwa nzuri. Lakini hapana yake ilipitia mikononi mwa mteja, mimi, supavaiza na wakala, na sote wanne tulikuwa na faida ikigeuka kuwa ndio, na yeye peke yake ndo hakuwemo kwenye mazungumzo wakati inageuzwa. Wanaosema alichagua mwenyewe waniambie hapo alichagua saa ngapi.

Na hela tusisahau. Mteja akitoa dola 100, OnlyFans wanakata 20. Inabaki 80. Wakala nusu kwa nusu ilikuwa ni kawaida tu, wengine 30, wengine zaidi. Tuseme modo anabaki na 40. Hapo kodi bado, nguo, taa, simu nzuri, bado. Kwa hivo ile hadithi ya kwamba prodyuza ameondoka sio kweli kabisa, prodyuza alitoka studio akaja kukaa kwenye simu, na saa hii hana ata gharama ya kamera. Tofauti ni kwamba zamani ungeweza kumshika ukasema ni yeye, hii ya sasa kampuni inasema sisi ni jukwaa tu, wakala anasema mimi ni wa matangazo tu, na mimi nilikuwa nasema ninajibu meseji tu.

Mbaya zaidi kuna mahali wakala sio wakala, ni mtekaji. Reuters mwaka 2024 walichimba faili za polisi na mahakama Marekani wakakuta kesi za wanawake waliodanganywa ama kulazimishwa, wakatengenezwa video za OnlyFans chini ya vitisho, na kesi nyingine za video kuwekwa bila mwenyewe kujua. Kampuni inasema inakagua vitambulisho na kila kinachowekwa. Kukagua kitambulisho kunaonyesha huyu ni nani na ana miaka mingapi, hakuonyeshi nani amekaa nyuma ya kamera ameshika mshipi. Na ata hilo la umri, Machi 2025 Ofcom, wale wadhibiti wa Uingereza, waliwapiga faini ya pauni zaidi ya milioni moja kwa kuwapa taarifa zisizo sahihi kuhusu jinsi wanavyokagua umri wa watazamaji. Kule Romania pia waendesha mashtaka wamewatuhumu Andrew Tate na mdogo wake kwa kuwavuta wanawake kwa mapenzi ya uongo na kuwafanyisha kazi za video za ngono, wenyewe wanakana. Namtaja kwa sababu najua vijana wetu wangapi wanasambaza klipu zake za kufundisha uanaume.

Huduma kwa wanaouza nayo tuipime. Agosti 2020 muigizaji Bella Thorne alijiunga, akatengeneza dola milioni moja kwa siku moja, kukawa na malalamiko ya wateja waliosema walitarajia uchi hawakupata, na muda si mrefu kampuni ikaweka kikomo cha bei za picha na tipu, na nchi kadhaa malipo yakawa ya kusubiri siku 30. Kampuni ilisema hazihusiani. Wanaoishi kwa hiyo kazi walijikuta wanapigiwa hesabu mpya na hakuna aliyewauliza. Mwaka uliofuata ikawa kubwa zaidi, Agosti 2021 wakatangaza kwamba kuanzia Oktoba hakuna tena video za ngono, kisa mabenki, wanawake wakalia mtandaoni mmetujengea juu ya migongo yetu sasa mnatutupa, na ndani ya wiki moja wakarudi nyuma wakasema basi. Basi! Mimi hapo ndo huwa nawauliza wanaosema wewe ni bosi wako mwenyewe, bosi gani anaambiwa Alhamisi biashara yako imefungwa na Jumatano anaambiwa imefunguliwa?

Tuje nyumbani sasa maana najua wengi mnaosoma mko Kenya na Tanzania. Dada wa Dar, wewe kabla ya yote jua kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, ukichapisha ponografia faini haipungui shilingi milioni 20 ama jela isiyopungua miaka saba, ama vyote. Kwa hiyo ukiibiwa video yako na wakala, utaenda kituoni kumshtaki huku umejishtaki mwenyewe. Wakala analijua hilo vizuri. Kenya kuna sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta, kifungu cha 37, inayomshika anayesambaza picha zako za faragha, faini mpaka laki mbili ama jela mpaka miaka miwili, ni kitu, lakini anayesambaza akiwa yuko Cyprus ama yuko Telegram bila jina utamshikia wapi.

Na zinasambaa. Kila kinachouzwa OnlyFans kuna mtu anakirekodi na kukiweka bure sehemu nyingine, hilo modo wote wanalijua. Sisi huku tukipata hizo vitu tunafanya nini? Mnakumbuka Novemba 2024, Baltasar Ebang Engonga, afisa wa serikali ya Equatorial Guinea, video mamia zilizovuja akiwa na wanawake, wengine wake za watu wakubwa. Wiki nzima Nairobi na Dar tulicheka, memu, stika, nyimbo, jamaa akawa shujaa, watu wakamwita mzee wa kazi. Yeye akaja kufungwa miaka minane Agosti 2025, na sio kwa video, kwa hela za serikali. Wale wanawake je? Majina yao yalizunguka, sura zao zilizunguka, waume zao walichekwa, na hakuna memu ata moja niliyoona inauliza kama walijua kuna kamera ama kama waliridhia zitoke. Hatuwezi kulaumu kampuni ya London peke yake kwa kudhalilisha wanawake wakati sisi wenyewe tunafanya hiyo kazi bure na tunaipenda.

Kuna nchi zimeamua. Sweden tangu 1999 wanamshika mnunuzi wa ngono sio muuzaji, na kuanzia Julai 2025 wameipeleka mpaka mtandaoni, ukimlipa mtu afanye kitendo cha ngono mbele ya kamera kwa oda yako unaweza kufungwa, video iliyokwisha kurekodiwa na kuuzwa kwa wote haiguswi. Nilipoisoma nilifikiria ile orodha ya yule modo, maana pale ilipovunjika ni kwenye oda ya mtu mmoja mwenye hela nyingi, sio kwenye ukurasa wa wote. Hao Waswidi naona wamegusa pahali penyewe. Ila wanawake wengi wanaofanya hiyo kazi kule wamepinga, wanasema mteja akiogopa anahamia gizani na wao wanamfuata huko huko kwa sababu wanataka kula. Mimi siwezi kuwaambia wamekosea, wao ndo wanaijua njaa yao.

Kwa hivo alama zangu. Malipo kutoka kwa kampuni, mazuri, nyota moja nzima hapo bila ubishi. Kwamba mwanamke anaweza kufunga ukurasa wake mwenyewe siku akitaka, nyota ya pili, ata kama kilichovuja hakirudi. Ulinzi dhidi ya mawakala, sifuri. Usaidizi kwa wateja sijui, sikuwahi kuwaandikia. Dada anayetaka kufungua kwa mkono wake, bila wakala, bila boifrendi anayeshika paswedi, uso haupo, nchi yake sheria inamruhusu na amepiga hesabu ya dola mia kwa mwezi akaona inatosha, mimi sitamhukumu, nitamwambia tu paswedi usimpe mtu na kitu kikiwa kwenye orodha yako ya hapana kibaki hapo ata bei ikiwa ya kuezeka nyumba. Anayeambiwa na mtu niachie mimi kila kitu wewe piga picha tu, huyo ningempigia simu.

Nyota ya tatu ningewapa siku watakapoweka juu ya inboksi, kwa maandishi ambayo wakala hawezi kuyafuta, kwamba anayejibu hapa sio mwenye picha, na wamlipe modo hisa yake moja kwa moja bila kupitia akaunti ya mtu mwingine. Programu ya kufanya hivo sio ngumu, kampuni yenye wafanyakazi wasiofika 50 na faida ile inaweza kuajiri wa 51 akaifanya.